Jiko la mama mdogo linalia ta-ta-ta lenyewe tangu lisafishwe: kisa kizima, kuanzia ndoo ya maji mpaka kimpira cha kwenye kopo la vijiko

Kumi la mwisho la Ramadhani, saa tano usiku, niko barazani kwangu Magomeni hapa Mtwara natafuta upepo, simu ikaita, mama mdogo. Shikamoo mama, marahaba, halafu akanyamaza, akaisogeza simu kwenye kitu nikawa nasikia ta... ta... tata... ta... kimya kidogo, ta tena. "Umesikia?" Nimesikia mama, ni nini hiyo? "Jiko. Tangu alasiri linatoa cheche lenyewe na nobu zote nimezima, nimezima nikazima tena, sasa naogopa hata kulala."

Swali langu la kwanza halikuwa la jiko, nilimuuliza unasikia harufu ya gesi? Maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, inatambaa sakafuni inajikusanya chini, na hapo juu yake una jiko linatupa cheche kila sekunde, hiyo sio habari ya kuongea kwenye simu. Angeniambia anasikia harufu ningemwambia asiguse swichi yoyote wala plagi, kwa sababu hata kuchomoa plagi kwenyewe kunatoa kacheche, afunge mtungi tu, afungue milango, watoke nje wote. Akasema harufu hakuna, labda ya udi. Basi funga mtungi, zima pale ukutani, chomoa plagi. Ta-ta-ta ikakatika, nikasikia anashusha pumzi, halafu kabla sijasema usiku mwema akaniuliza, "Na keki zangu?"

Hapo sasa. Ingekuwa ni jiko la gesi tupu ningemwambia mama, liache lichomolewe, washa kwa kiberiti mpaka Idd ipite tutaliangalia, maana gesi haihitaji umeme ili itoke, umeme ni wa cheche tu. Lakini lake ni lile la 3+1, pleti tatu za gesi, moja ya umeme, na oveni chini ya umeme, vyote vinaingia plagi moja. Na mama mdogo ndiye anayeokea nusu ya Shangani keki na biskuti za Idd. Akichomeka aoke, cheche zinaanza. Akichomoa, oveni haipo. Kwa hiyo jiko lilikuwa halijafa ila lilikuwa halitumiki, na siku zilikuwa zimebaki chache sana.

Nasimulia hiki kisa kirefu kwa sababu mimi nilikikosea mara ya kwanza, na kosa nililofanya ndilo wanalofanya watu wengi, mafundi na wasio mafundi.

Turudi alasiri yake. Kulikuwa na muhogo wa nazi wa futari kwenye sufuria kubwa, mbele kulia, moto mkali, mpishi kaitwa nje, tui likafurika. Lile tui zito lenye chumvi likatiririka juu ya jiko mpaka likashuka usoni kwenye nobu. Binamu yangu, yupo kidato cha pili, akaambiwa lisafishe kabla halijaganda. Na mtoto wa watu akasafisha kweli. Akatoa vyuma vya juu, akatoa vichwa vya moto na kofia zake, akavuta nobu zote, akakoroga sabuni ya unga kwenye ndoo, akasugua, halafu kosa lenyewe, akasuuza kwa kumwagia maji na kikombe kama anasuuza beseni. Akakausha kwa kitambaa, akarudisha kila kitu, jiko linang'aa kama limetoka dukani leo. Mama mdogo akachomeka plagi aanze mikate ya kumimina, ta-ta-ta-ta.

Sasa kabla sijaendelea nieleze hiki kitu kinafanyaje kazi maana bila hivyo mtu anabaki kubahatisha. Pembeni ya kila kichwa cha moto kuna kijiti cheupe cha kauri chenye ncha ya chuma, hicho ndicho kinachotupa cheche. Vijiti vyote vimetoka kwenye kiboksi kimoja kidogo kilichofichwa chini ya bati, kiboksi hicho kinachukua umeme wa ukutani wa volti 230 na kuupandisha mpaka maelfu ya volti, kwa nguvu ndogo sana, ili uruke ile nafasi kati ya ncha na chuma. Na nyuma ya kila nobu kuna kiswichi kidogo kimekaa kwenye shina la koki, ukibonyeza nobu kinagusana, kiboksi kinapata umeme, cheche. Ukiachia, kimya. Viswichi vimeunganishwa kwa cheni moja, chochote kikigusana kiboksi kinalia, na kikilia kinatupa cheche kwenye vijiti vyote kwa pamoja. Ndio maana ukiwasha pleti ya mbele unaona na ya nyuma inameta. Watu wengi wanaona hivyo wanadhani ni ubovu, ni kawaida yake.

Kwa hiyo jiko linalolia lenyewe ni jiko linalodhani kuna mtu kabonyeza nobu. Na kuona cheche kwenye pleti fulani hakukuambii ni nobu ya pleti hiyo, cheche ziko kote.

(Wale wenye jiko dogo la mezani ambalo ukizungusha linalia "tak" mara moja na lazima urudie, hilo halina umeme kabisa wala betri, linapigwa na kinyundo cha ndani kila ukizungusha, ugonjwa huu haliwezi kuupata. Na wenye yale ya betri, ugonjwa wanaupata, ila kwao kuchomoa plagi maana yake ni kutoa betri.)

Asubuhi nikapanda boda mpaka Shangani na begi la vifaa. Nikaliangalia jiko likiwa bado limechomolewa na mtungi umefungwa. Nikatoa kofia na vichwa vya moto, chini yake kwenye vile vibakuli kulikuwa na maji bado, vijiti vya kauri viwili vimelowa. Mimi nikafurahi. Nikasema hiki hapa, maji tu. Nikanyonya maji kwa kitambaa cha pamba, nikapitisha mswaki mkavu kwenye vijiti, nikachukua drayeri ya binamu nikapuliza kwa moto wa chini pale mezani na usoni kwenye nobu, vichwa na kofia nikavianika uani juani, jua la Mtwara la saa nne sio la kuchezea, kufika saa sita kila kitu kikavu. Nikarudisha, nikahakikisha kila kofia imekaa sawasawa kwenye kitako chake maana ikikaa upande cheche zinapotea njia. Nikachomeka. Kimya kabisa. Nikabonyeza nobu, ta-ta-ta-ta za haraka, nikaachia, kimya. Nikasifiwa, nikaondoka na mkate wa kumimina kwenye mfuko.

Saa kumi alfajiri, wakati wa daku, simu. Sikuhitaji hata kupokea kujua ni nini.

Na hapa ndipo alipoingia fundi mwingine, wa mtaani kwake, sitamtaja. Kaja asubuhi kabla yangu, kasikiliza, kasema kiboksi kimekufa, kitoke kiwekwe kingine, na bei akataja, na kwa kuwa hana kiboksi chenyewe akasema kwa sasa akate waya wa kiboksi tu aoke keki zake kwa amani. Sasa tuseme ukweli, kukitenga kiboksi sio wazo la kijinga, hata mimi ningelifanya kama njia ya kupitia Idd, lakini unachomoa kwenye tamino, pale ncha ya waya inapochomekwa, na unafunika, hukati kwa plaizi. Na kusema kiboksi kimekufa hapo ndipo sikubaliani. Kiboksi kilichokufa hakitoi cheche. Hiki kinatoa, kinafanya kazi yake, kuna anayekituma. Ndio, vipo viboksi vinavyoharibika vikabaki kulia bila kutumwa, ila hicho unakihukumu mwisho, baada ya kuwatoa watumaji wote na bado kinalia. Mama mdogo kwa bahati alimwambia subiri mwanangu aje.

Nikaja. Na badala ya kufungua begi nikakaa jikoni nikamuuliza maswali, kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza. Jana lilianza lini tena? Akasema mchana kimya, jioni kaoka mikate miwili kimya, usiku kazima kalala. Alfajiri kachomeka apashe daku, likaanza. Na sasa hivi? Sasa hivi, binamu akaingilia, "Mama si uliwasha oveni ile asubuhi ukaacha lilie, likanyamaza lenyewe." Ehee. Liliendelea kulia muda gani? Kama nusu saa, oveni ilipopata moto sana likaanza kusuasua, likanyamaza. Halafu lilipopoa? Hawajui, walichomoa.

Hiyo sentensi ya mtoto ndiyo iliyotengeneza jiko.

Maana fikiria. Oveni ikiwaka joto linapanda, linapasha lile bati la mbele ambako ndiko viswichi viliko. Linapasha, vinakauka, kimya. Usiku unapoa, alfajiri ya mwezi wa tatu Shangani, bahari iko pale, mvua za masika bado zipo, hewa yenyewe unaweza kuikamua, asubuhi linalia tena. Kama ni maji aliyomwagia binamu, yalishakauka jana kwa drayeri, jua na oveni mara mbili. Hakuna aliyemwaga maji mengine usiku. Sasa maji ya alfajiri yametoka wapi?

Yametoka hewani, na aliyeyaita ni chumvi. Kila mtu wa pwani anajua, kichupa cha chumvi ukikiacha wazi kinalowa chenyewe, ndio maana wengine wanatia punje za mchele ndani. Chumvi ya kupikia unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75 inaanza kuvuta maji mpaka inayeyuka. Tui la muhogo lilikuwa na chumvi. Sabuni ya unga nayo ni chumvi chumvi za aina yake. Binamu alipomwagia maji yale yaliyochanganyika yakashuka kwenye shina la nobu yakaingia kwenye kiswichi. Mimi nikakausha. Maji yakaondoka, chumvi ikabaki imeganda katikati ya vile vyuma vya kiswichi vinavyogusana, mchana kavu haipitishi umeme, alfajiri imelowa inapitisha. Yaani nilichofanya siku ya kwanza ni kukausha chumvi.

Kulikuwa na dalili nyingine niliisikia kwenye simu usiku ule wa kwanza nikaipuuza. Ule mlio. Jiko lisilo na ubovu likibonyezwa linalia ta-ta-ta-ta haraka na sawasawa. Lile lilikuwa linalia ta... ta... tata... ta, la kusuasua. Kiboksi kinajaza umeme kidogo kidogo halafu kinaufyatua, kikipata umeme kamili kinajaa haraka, kikipata wa kuvujavuja kupitia unyevu kinachelewa kujaa. Kwa hiyo mlio wa haraka usiokatika ningefikiria kwanza nobu iliyonata au kiswichi kilichokwama kimebonyea, mlio wa kusuasua nafikiria uvujaji. Sio sheria, ila ingenipa akili ya kuanzia.

Nikafungua. Na hapa naomba mtu asijaribu na plagi ikiwa ukutani, kwa sababu watu wanaogopa ile cheche ya juu, ile inakushtua unaruka unatukana lakini inapita, cha kuogopa ni viswichi vyenyewe, kwenye majiko ya umeme wa ukutani kama hili viswichi vinabeba volti 230, na wewe unavishika na mikono yenye jasho. Kuzima swichi ya ukutani haitoshi kwangu, mimi nachomoa plagi naiweka juu ya kaunta niione kwa macho. Mtungi umefungwa na regileta nimeitoa.

Nobu zikatoka kwa kuvutwa, bati la mbele skrubu mbili kila upande, bati la juu skrubu za chini ya vichwa vya moto. Ndani kulikuwa kunatisha kidogo, miaka minne ya mafuta. Viswichi vitatu vyeusi vimebanwa kwenye mashina ya koki, cheni ya waya mbili inapita kimoja hadi kingine. Kiswichi cha mbele kulia, kilicho chini ya pale palipofurika, kilikuwa na unga mweupe pembeni umeshikana kama ule unaouona kwenye tamino za betri ya gari.

Sikukimbilia. Ningeweza kukisafisha hicho tu nikaondoka, na ningekuwa nimerudia kosa la jana la kufurahia kitu cha kwanza. Nikachukua mita ya kupimia umeme. Nikachomoa cheni kwenye kiboksi, nikapima ncha mbili za cheni huku hakuna nobu iliyobonyezwa. Hapo inatakiwa mita isionyeshe kitu, njia imekatika. Ikaonyesha kilo-omu 60 na kitu (ni kipimo cha ugumu wa njia ya umeme, namba ikiwa ndogo umeme unapita kirahisi zaidi), inapanda inashuka. Kuna njia, mbovu ila ipo. Nikachomoa kiswichi cha nyuma kwenye cheni, bado 60. Nikachomoa cha mbele kushoto, ikapanda ikawa kama 70. Nikachomoa cha mbele kulia, mita ikawa haionyeshi kitu. Halafu nikavipima kimoja kimoja peke yake: cha nyuma safi, cha mbele kulia kina njia kubwa, na cha mbele kushoto, ambacho kwa macho kilikuwa kisafi kabisa, nacho kilikuwa kinavujisha kidogo, mamia ya kilo-omu. Kwa macho tu ningekiacha, na wiki ijayo mama mdogo angenipigia tena.

Ambaye hana mita anaweza kufanya hivyo hivyo kwa kuchomoa kiswichi kimoja, anafunika tamino kwa tepu, anafunga bati, ndipo anachomeka kusikiliza, kisha anachomoa plagi tena anaendelea na cha pili. Inachosha ila inafika. Kuchomeka huku bati liko wazi na vidole viko ndani, hapana. Na ukivitoa vyote vitatu na bado kinalia, hapo ndipo yule fundi wa mtaani anakuwa kasema kweli.

Kuosha. Hapa ndipo mtu anashangaa, maana nilichukua maji. Chumvi haitoki na spiriti peke yake, chumvi inayeyuka kwenye maji, spiriti kali inaipita juu tu. Nikavitoa viswichi viwili kabisa kwenye mashina yake, mbali na jiko, nikavitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya chupa ya kunywa ya vuguvugu, sio ya bomba, nikawa nabonyeza na kuachia humo ndani maji yaingie na kutoka, nikabadilisha maji mara tatu, ya kwanza yalitoka na ukungu mweupe. Halafu ndio spiriti, ile ya kusafishia ya duka la dawa, kazi yake ni kufukuza maji, mara mbili. Kisha drayeri, kisha nikaviacha kwenye sahani juani toka saa tano mpaka saa tisa. Fundi mmoja wa simu ninayemheshimu yeye anatumia tina, ile ya kuchanganyia rangi, kwa kila kitu, mimi tina kwenye plastiki ya kiswichi siitaki, inailainisha. Na wanaopuliza dawa ya kulegeza kutu, ile yenye mafuta, ndani ya kiswichi bila kukitoa, inaweza kunyamaza siku hiyo, lakini mafuta yanabaki yanakusanya vumbi na ukoko, na ile dawa inashika moto, usiipulize kisha ukachomeka jiko la cheche dakika hiyo hiyo, tafadhali sana.

Mashina ya koki nikayafuta kwa kitambaa cha spiriti, kavu kavu, bila kuzifungua koki zenyewe. Koki ya gesi ina grisi yake maalumu na ukiichokoa unahama kwenye tatizo la kelele unaingia kwenye tatizo la kuvuja.

Wakati vinakauka nikawa najiuliza swali ambalo lilikuwa linanikera tangu asubuhi. Hili jiko limefurikiwa mara ngapi kwa miaka minne? Mama mdogo anapika uji, anachemsha ming'oko, anapika pweza, limefurikiwa kila wiki. Kwa nini leo? Nikachukua nobu nikazigeuza. Ya nyuma ilikuwa na kimpira cheusi kimezunguka shina, kile kinachoziba kati ya nobu na bati maji yasishuke. Ya mbele kushoto kimpira kimekaa kinyume, kimejikunja. Ya mbele kulia hakuna.

Nikamwita binamu. Kwanza akakana, halafu akafikiria, halafu akaenda kwenye kopo la vijiko akachakura, akatoka nacho. Alipovuta nobu kikadondoka, akadhani ni mpira wa kifuniko cha chupa ya chai, akakihifadhi. Kwa hiyo maji yake ya kikombe yalikuta mlango mmoja wazi na mwingine nusu, na ndivyo mita ilivyokuwa imesema bila kujua habari ya vimpira, kulia kumevuja sana, kushoto kidogo. Nilipenda sana hapo. Mama mdogo hakupenda, akaanza kumsema mtoto, nikamwombea, nikasema mama huyu ndiye aliyetuambia habari ya oveni, tungekuwa bado tunaanika.

Saa tisa nikapima tena. Kimoja kimoja, mita kimya. Nikavirudisha, nikapima cheni nzima, kimya. Nikabonyeza kila nobu huku mita imeshikwa, inalia, naachia, inakata. Kwa mara ya kwanza nikajizuia kusherehekea, maana jana mchana pia lilikuwa kimya. Jiko lilikuwa kavu, mchana, jua kali, hata chumvi ingekuwa imelala. Kipimo cha kweli kilikuwa alfajiri. Lakini nisingelala Shangani, kwa hiyo nikafanya kitu cha kienyeji: nikachemsha maji kwenye birika la umeme, nikatoa nobu, nikaacha mvuke upite usoni pale kwa mbali mpaka bati likatoa jasho, jiko likiwa limechomolewa na cheni iko kwenye mita. Ikabaki kimya. Nikafuta, nikarudisha vimpira, cha kushoto nikakigeuza kikakaa sawa, nobu, vichwa, kofia, mtungi, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio ya regileta na mpira wa gesi kuangalia kama kuna kipovu, hakuna, ndio nikachomeka.

Saa kumi na dakika kumi alfajiri ujumbe: "Kimya. Lala."

Maswali aliyoniuliza siku ile nayajibu hapa pia maana najua yataulizwa. Je limekula luku? Karibu hakuna kitu, kiboksi kile kinatumia umeme mdogo mno, oveni yake kwa dakika moja inakula kuliko kiboksi kwa usiku mzima. Je lingeweza kulipuka kwa kulia usiku kucha? Cheche bila gesi hazilipui kitu, lakini ukiliacha linalia halafu mtu akazungusha nobu kwa bahati mbaya hapo siwezi kukuahidi kitu, na kiboksi nacho kinachoka bure. Je ni gesi yetu ya Mtwara ndiyo mbaya? Hili nilicheka, mama mdogo ana hasira yake ya miaka mingi kuhusu gesi. Gesi ya mtungini sio ya Mnazi Bay, ile iliyogunduliwa 1982 hapo Msimbati ni gesi asilia, nyepesi, inakwenda kwa bomba, hii ya mtungini ni nyingine kabisa, inaletwa kwa meli na malori. Ila umeme unaowasha ile oveni yake, mitambo ya umeme ya hapa Mtwara inatumia gesi ya Mnazi Bay, kwa hiyo mama, nikamwambia, keki ndizo zinazookwa kwa gesi ya nyumbani, muhogo ndio unapikwa na ya kigeni. Hakuridhika.

Kusafisha sasa anasafishaje? Plagi imechomolewa, nobu hazivutwi hovyo, kitambaa kilichokamuliwa, sabuni ya maji kidogo, halafu kitambaa cha pili cha maji matupu cha kuondoa sabuni, vichwa na kofia ndivyo vinaoshwa kwenye beseni peke yake na vinarudi vikiwa vikavu. Kikifurika kitu chenye chumvi, afute siku hiyo hiyo. Kikombe cha kusuuzia kimepigwa marufuku.

Lile jiko limevuka Idd, keki zimetoka zote, na mimi nikaagiza cheni mpya ya viswichi kutoka Kariakoo ije na basi, kwa sababu kiswichi kilichoshaanza kutoa ule unga mweupe nakiamini kwa muda tu, chuma cha ndani kimeshaliwa. Cheni ikafika, ina viswichi vinne, ya jiko la pleti nne za gesi, na tamino za kiboksi zina upana tofauti. Nimemwambia muuzaji abadilishe, anasema nitume picha ya kiboksi. Picha nimetuma. Kwa sasa kile cha zamani bado kinafanya kazi, na cheni ya viswichi vinne iko kwenye droo ya mama mdogo, pamoja na vimpira viwili vya akiba ambavyo binamu ameviandikia karatasi: SI VYA CHUPA YA CHAI.